Mtego Bila Daftari ni Nusu ya Kazi

Mvua za vuli zinapokolea mkoani Kagera, taa kali huwashwa usiku pembezoni mwa mji wa Bukoba na juu ya vilima vya Muleba. Mbele ya taa husimamishwa mabati, na chini ya mabati hupangwa mapipa. Senene huvutwa na mwanga, hujigonga kwenye bati, huteleza na kutumbukia ndani ya pipa. Alfajiri mavuno hupimwa, huuzwa na kusafirishwa. Msimu hurudi tena wakati wa masika, ingawa kwa kawaida huwa mdogo zaidi. Mtu aliyewasha taa yake mahali palepale kwa miaka 10 au 20 hujua mambo mengi: kwamba mbalamwezi hupunguza mavuno, kwamba mvua ya namna fulani hutangulia usiku wa neema, kwamba pamoja na senene huja nondo na mbawakawa wa kila aina. Hata hivyo, ujuzi huo hukaa kichwani mwake tu. Siku anapoacha kazi au anapofariki dunia, wilaya hupoteza kumbukumbu isiyoweza kununuliwa tena kwa fedha yoyote.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inawahusu watega wadudu vilevile. Kutega na kukusanya wadudu kwa muda mrefu, hata kunapofanywa na mtu asiye na shahada ya elimu ya wadudu, ni kazi ya afya ya jamii. Kwa hiyo vyuo vya tiba, halmashauri na taasisi za utafiti zina wajibu wa kumpatia mtegaji daftari, na wajibu mkubwa zaidi wa kumrudishia majibu ya kile alichokiandika.

Watega wadudu wa Kagera

Jina la mtaalamu wa wadudu huwafanya wengi wafikirie koti jeupe na darubini. Kihistoria, sehemu kubwa ya elimu hiyo ilijengwa na watu waliokuwa na kazi nyingine: matabibu, walimu, mapadri na wakulima waliotenga jioni zao kukusanya, kuhesabu na kuandika. Sifa yao kuu ilikuwa uvumilivu wa kufanya jambo lilelile, kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka.

Kagera haina upungufu wa watu wa aina hiyo. Mbali na mtega senene, yupo mkulima wa ndizi anayepasua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, akalilaza karibu na shina lililo hai huku upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Baada ya siku chache hulifunua na kuwaokota fukusi waliojificha chini yake. Yupo pia mwenye nyumba wa Muleba aliyewahi kutundikiwa mtego wa mbu chumbani mwake. Wote hao wameshiriki katika kazi ambayo mwanasayansi angeiita ukusanyaji wa sampuli. Kinachowatofautisha naye ni maandishi.

Majirani wa Buganda waliupa mwezi wa Novemba jina la Museenene, kwa sababu ya senene. Jina hilo lenyewe ni aina ya kumbukumbu, kwa kuwa linaeleza wakati ambao wadudu hao walitarajiwa. Leo wazee wengi wakilalamika kwamba senene wamepungua au wamebadili majira, mwenye shaka anaweza kuwajibu kwamba uzee husifia ya kale. Daftari la miaka 30 kutoka taa moja lingeumaliza ubishi huo kwa upande mmoja au mwingine.

Somo la Muleba

Umuhimu wa kumbukumbu hauishii kwenye chakula. Wilaya ya Muleba ni mfano unaostahili kufahamika na kila mwanafunzi wa udaktari nchini. Wilaya hiyo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na malaria yake imekuwa ikipanda na kushuka kwa namna inayowashtua watu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifuatiwa na mlipuko mkali, na mwaka 2006 ukaja mlipuko mwingine. Mwaka 2007, kwa msaada wa Mpango wa Rais wa Marekani wa Kupambana na Malaria, nyumba zilianza kunyunyiziwa dawa ukoko. Dawa hiyo ilikuwa ya kundi la pairethroidi, kundi lilelile lililokuwa likitiwa kwenye vyandarua vyenye dawa ya kudumu.

Kwa mwenye nyumba, ulinzi ulionekana kukamilika: ukuta umenyunyiziwa na chandarua kimetundikwa. Lakini ukuta hauwezi kueleza kama dawa iliyomo bado inaua. Habari hiyo hupatikana kwa mbu mwenyewe, anapokamatwa, anapogusishwa dawa kwa kipimo maalumu, na anapotazamwa kesho yake kama amekufa au yu hai. Vipimo vya namna hiyo vilifanyika Muleba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae wa huko walikuwa wamejenga usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi. Pasipo watu waliowakusanya mbu hao, wananchi wangeendelea kuamini ukuta na chandarua kwa kiwango kilekile, huku nguvu ya dawa ikipungua.

Ndipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC cha Moshi, Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London na washirika wengine walipofanya jaribio kubwa wilayani humo kati ya mwaka 2014 na 2016. Maeneo ya makazi yaligawanywa katika makundi 48. Baadhi yalipewa vyandarua vya kawaida vya pairethroidi, na mengine yalipewa vyandarua vilivyoongezwa kiambata kiitwacho PBO, ambacho huzuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja sumu mwilini mwake. Nyumba za nusu ya makundi zilinyunyiziwa pia dawa ya kundi tofauti na pairethroidi. Baada ya miezi 9, asilimia 29 ya watoto waliopimwa katika makundi yenye vyandarua vya PBO walikutwa na vimelea vya malaria, ilhali katika makundi yenye vyandarua vya kawaida walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi ya vyandarua vya PBO katika maeneo yenye usugu, na mwaka 2018 taarifa kamili ya jaribio ikachapishwa katika jarida la The Lancet.

Nyuma ya asilimia hizo kuna kazi isiyosimuliwa sana. Kila mwezi, katika nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ulitundikwa mtego wa taa. Mtego huo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1962, una taa ndogo, feni inayoendeshwa kwa betri na mfuko wa wavu. Hutundikwa karibu na kitanda, upande wa miguu, wakati mtu amelala salama ndani ya chandarua. Pumzi, harufu na joto la mlalaji humleta mbu, mwanga humsogeza karibu na mtego, na feni humvutia mfukoni. Asubuhi mbu hutolewa, hutenganishwa kwa aina na kuhesabiwa. Familia iliyofungua mlango wake jioni na asubuhi, ikavumilia mvumo wa feni usiku kucha, ilichangia matokeo yaliyosaidia kubadilisha vyandarua vinavyogawiwa katika nchi nyingi za Afrika.

Ushindi huo haukuwa wa mwisho. Jaribio jingine, lililofanyika wilayani Misungwi mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba chandarua kilichochanganywa pairethroidi na klorofenapiri kiliwakinga watoto vizuri zaidi kwa miaka 2, huku manufaa ya chandarua cha PBO yakififia baada ya mwaka wa kwanza. Mbu hubadilika, vyandarua huchakaa, na jibu la mwaka mmoja huwa swali jipya miaka michache baadaye. Miradi, hata iliyo bora kabisa, ina tarehe ya kumalizika. Watafiti hufungasha mitego na kuondoka, na kijiji hurudi katika hali ya kutojua kinachoendelea usiku ndani ya nyumba zake. Pengo hilo baina ya mradi na mradi ndilo linaloweza kuzibwa na mkusanyaji mkazi.

Faida ya kutokata tamaa

Mifano ya thamani ya subira haiko mbali. Ng'ambo ya ziwa, mjini Entebbe nchini Uganda, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilianzishwa mwaka 1936. Watafiti wake, pamoja na wasaidizi wenyeji waliokaa kwenye majukwaa yaliyojengwa juu ya miti, walikusanya mbu saa zote za mchana na usiku katika misitu ya nchi hiyo. Mwezi Aprili 1947 virusi visivyojulikana vilipatikana kwa tumbili aliyewekwa kama mlinzi katika msitu wa Zika. Januari 1948 virusi hivyohivyo vilipatikana kwa mbu aina ya Aedes africanus waliokamatwa katika msitu huohuo. Kwa miongo mingi habari hiyo ilionekana kuwa jambo dogo la wataalamu wachache. Mwaka 2016, Zika ilipotangazwa kuwa dharura ya afya ya kimataifa, dunia nzima ilirejea kwenye kumbukumbu za watu wale.

Mfano wa pili unawahusu moja kwa moja wakusanyaji wa kujitolea. Katika mji wa Krefeld nchini Ujerumani kuna chama cha wapenzi wa elimu ya wadudu kilichoanzishwa mwaka 1905, ambacho wengi wa wanachama wake hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 1989 hadi 2016 walitega wadudu warukao katika hifadhi 63 kwa mitego ya hema iliyofanana, wakapima uzito wa mavuno na kuhifadhi chupa zake. Takwimu zao zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2017, zilionyesha kwamba uzito wa wadudu hao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Serikali na vyuo vikuu vingi vya Ulaya vilijikuta vikitegemea kazi ya watu waliodhaniwa kuwa na burudani isiyo ya kawaida.

Kagera ina sababu ya pekee ya kuiga subira hiyo. Ni mkoa wa mpakani, unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na wenye bandari katika Ziwa Victoria. Watu, ndizi, kahawa na matairi chakavu hupita humo kila siku, na wadudu hupita pamoja navyo. Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, alibainika Djibouti mwaka 2012, kisha akaonekana Ethiopia, Sudan, Somalia na Kenya. Tofauti na ndugu zake wa Kiafrika, huyu huzaliana vizuri katika matangi na mapipa ya maji mijini. Mji ambao hauna anayechungulia matangi yake na kuandika alichokiona, utamgundua mgeni huyo pale wodi zitakapojaa.

Mashaka yanayostahili kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba mtu asiye na mafunzo hawezi kutofautisha aina za mbu, na kwamba takwimu mbovu ni mbaya kuliko kukosa takwimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi kuzuia kazi. Hata mtaalamu mzoefu hawezi kumtenganisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis kwa kumtazama tu. Kipimo cha vinasaba huhitajika. Kwa hiyo mkusanyaji halazimiki kutoa jina asilolijua. Anachotakiwa ni kumhifadhi mdudu vizuri na kuandika ukweli kuhusu mahali na siku. Jina linaweza kuongezwa baadaye na maabara, lakini tarehe iliyosahaulika haiwezi kubuniwa tena na maabara yoyote.

Wengine huhofia usalama, na wana haki. Njia ya kumweka mtu amefunua miguu ili mbu watue juu yake haifai kabisa kufanywa nje ya utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili. Mtego wa taa kando ya chandarua, ukusanyaji wa viluwiluwi kwa upawa na uhesabuji wa wanaokuja kwenye taa ya nje hutosha. Kwa upande wa wategaji wa senene, hatari zipo tayari na hazizungumzwi vya kutosha. Taa kubwa za zebaki, kioo chake cha nje kinapovunjika, hutoa miale inayounguza macho na ngozi. Taa iliyokufa ikitupwa ovyo huacha zebaki ardhini. Nyaya zilizounganishwa kiholela kwenye mvua huua. Miongoni mwa wadudu wanaokuja kwenye mwanga yumo pia mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye akipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge. Mtegaji aliyeunganishwa na kituo cha afya kwa ajili ya daftari atafikiwa pia na ushauri wa kuvaa miwani, mikono mirefu na glavu, na kwa njia hiyo daftari litamlinda aliyeliandika.

Shaka la tatu, ambalo wananchi hulitaja mara nyingi kuliko wataalamu, ni la umiliki. Watu huja, hutundika vyombo, huchukua wadudu, na mwenye nyumba hasikii tena habari yake. Hapo taasisi hazina utetezi mzuri. Mtu aliyempa mtafiti usiku wake anastahili kuambiwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa wakati, ni mbu wangapi walikamatwa nyumbani kwake, ni wa aina gani na jambo hilo lina maana gani kwa watoto wake. Kukosa kumwambia ni kosa la kimaadili, na pia ni kosa la kiutendaji, kwa sababu mlango uliofunguliwa mara ya kwanza kwa heshima utafunguliwa mara ya pili kwa kusitasita.

Daftari lenyewe

Kinachopendekezwa si kigumu. Mkusanyaji achague sehemu moja na usiku maalumu, kwa mfano usiku mmoja katika kila wiki, na asibadilishe taa wala saa bila kuandika kwamba amebadilisha. Kila ukurasa uwe na tarehe, kijiji, saa za kuwasha na kuzima, hali ya mvua na upepo, na umbo la mwezi, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa huvuta wadudu wachache. Kisha iandikwe idadi. Usiku ambao hakuna kilichokamatwa uandikwe sifuri, wala usiachwe wazi. Msomaji wa baadaye hawezi kutambua kama nafasi tupu ina maana ya ukosefu wa wadudu au uchovu wa mwandishi. Kosa hilo dogo limeharibu kumbukumbu nyingi kuliko ujinga wa majina.

Vielelezo vichache vya kila mwezi vikaushwe vizuri, viwekwe ndani ya bahasha ndogo za karatasi katika chupa inayofunga barabara, na kila bahasha iandikwe kwa penseli mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Wino huyeyuka kwa unyevu wa Kagera, penseli hudumu. Jina la mkusanyaji lisionekane kuwa pambo. Ndiyo njia ya kumpata mtu wa kuulizwa, na ndiyo stahili yake siku matokeo yatakapochapishwa.

Kwa upande wao, waratibu wa malaria wa wilaya wapokee nakala za madaftari kila robo mwaka na kurudisha ukurasa mmoja wa majibu. Vyuo vya tiba vinavyopeleka wanafunzi vijijini kwa mafunzo ya afya ya jamii viwape jukumu la kukaa na mtegaji mmoja na kuisoma kumbukumbu yake, badala ya kuanzisha kila mwaka utafiti mdogo unaoishia kwenye kabati. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, kilichopo Bukoba na kinachofahamu migomba na wadudu wake, ni mshirika wa asili katika kutambua vielelezo visivyo vya mbu. Shule za sekondari zenye walimu wa baiolojia zinaweza kutunza makasha ya vielelezo, ili vibaki mkoani na vionekane na watoto wa wale waliovikusanya.

Hakuna lolote kati ya haya linalosubiri mradi mkubwa. Daftari la shule lina bei ndogo kuliko kilo moja ya senene, na taa nyingi tayari zimesimamishwa. Zinapowashwa msimu ujao wa vuli, kuanzia Bukoba hadi Muleba, inatosha wategaji wachache waanze kwa tarehe, mahali na idadi, na kila daftari liwe na mtu katika ofisi ya afya anayelingoja.